Maswali ya Wasomaji: Shairi la Kundi Katika Tamasha la Drama

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa huku Likoni. Katika tamasha la drama la mwaka huu, shairi letu la kundi lilikomea ngazi ya kaunti ndogo. Majaji walisema maneno hayakusikika, ilhali watoto walipaza sauti hadi wengine wakakaukwa na koo. Sasa mwalimu mkuu anataka tuache ushairi tutayarishe ngoma, kwa kuwa ngoma huvutia zaidi. Je, nikubali?
— Mwalimu, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Nakusihi usiuache ushairi, kwani hitilafu waliyoitaja majaji inarekebishika, tena bila gharama yoyote.

Tatizo la makundi mengi ni pumzi. Mshororo wa tarbia, yaani shairi la mistari minne kwa kila ubeti, kwa kawaida una mizani (silabi) 16: 8 katika ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) na 8 katika utao (nusu ya pili), na mtoto anayeuanza kwa kelele huishiwa na pumzi kabla hajafika kwenye kina cha mwisho, yaani silabi ya mwisho inayofanana mstari kwa mstari. Chukua mfano huu niliouunda kwa ajili yako: “Kivuko chapiga honi, abiria wakimbia.” Kundi likiupiga wote kwa mkupuo mmoja, msikilizaji hupata kivuko na honi, kisha “wakimbia” ikamezwa, na kina kikimezwa ubeti mzima hupoteza urari wake. Wagawe wanafunzi makundi mawili, hawa waghani ukwapi na wale waupokee utao, halafu wote waungane kwenye kibwagizo, ule mstari wa mwisho unaorudiwa kila ubeti. Hapo, kabla ya kibwagizo, kila mtoto atakuwa na mizani 8 tu za kubeba kwa pumzi moja, na sauti itatoka bila kulazimishwa.

Wakati wa mazoezi, mketishe mwanafunzi asiyelijua shairi hilo kwenye kiti cha nyuma kabisa, mpe daftari, na umwambie aandike kila neno analolisikia. Pengo lolote katika daftari lake litakuonyesha mahali pa kufanyia kazi. Utagundua, kama walivyogundua walimu wengi, kwamba maneno mengi hupotea pale watoto wanapogeuka au kuinama. Ishara za mikono nazo zipunguzwe: si lazima kila bahari inapotajwa mikono thelathini ipepee kama mawimbi.

Jambo jingine ni mahadhi, yaani namna ya kulighani (kuliimba) shairi. Hapo Likoni hamkosi mzee anayejua kughani. Mwalikeni shuleni, watoto wamsikilize kabla ya kupewa karatasi. Mombasa ndiyo mji wa malenga wa kale Muyaka bin Haji, ambaye wataalamu humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni, na inanisikitisha sana kuona watoto wa mji huu wakighani mashairi kwa sauti ya gwaride. Tamasha hili lilianza mwaka 1959, wakati wa ukoloni, na ilichukua muda kabla ya Kiswahili kupata nafasi yake jukwaani. Nafasi hiyo tusiitoe kwa urahisi.

Kuhusu ngoma, sina neno nayo. Mkitaka sengenya ya Wadigo, kwa mfano, itayarisheni sawasawa: mtafute wapigaji wa ngoma, zumari na upatu wanaoijua kutoka kwao, na mzee wa kuwaeleza wanafunzi huchezwa wakati gani na kwa nini. Hiyo ni kazi ya miezi, na maleba yake, yaani mavazi ya kuchezea, yana gharama. Mweleze mwalimu mkuu hivyo kwa heshima, kisha mwombe aje kwenye mazoezi ya shairi, akae kiti kile kile cha nyuma asikilize mwenyewe.

SWALI: Binti yangu wa gredi ya saba amechaguliwa kuigiza. Anafurahi mno, lakini siku za mazoezi hurejea nyumbani magharibi imeshaingia, na babake anataka kumtoa. Nifanyeje?
— Mama, Kisauni

JIBU: Mama, wasiwasi wa baba ni wa haki. Nendeni shuleni wote wawili mkaombe ratiba ya mazoezi kwa maandishi, jina la mwalimu anayebaki na watoto, na maelezo ya jinsi wanavyosindikizwa hadi kituo cha matatu. Kwa kuwa fainali za kitaifa kwa kawaida hufanyika mwezi wa Aprili, mazoezi mazito huangukia muhula wa kwanza, na shule iliyojipanga mapema inaweza kuyafanya Jumamosi asubuhi. Pendekezeni hivyo. Mkikubaliana, mwacheni binti aigize; mkikataliwa na shule isitoe njia nyingine ya kumfikisha nyumbani kabla ya giza, mtoeni mwaka huu na mmweleze sababu waziwazi, ili asidhani anaadhibiwa kwa kipaji chake.