Mzee ana mkebe wa risiti za pareto, mimi nataka kupanda tena

SWALI: Mhariri habari ya huko. Mimi ni msomaji wenu upande wa Kuresoi. Baba alikuwa na ekari mbili za pareto enzi zile, yale maua ya dawa ya wadudu, tukitoka shule tunafunga kikapu kiunoni tunaingia shambani kuchuma mpaka giza, na hiyo pareto ndio ilitulipia karo. Alafu mambo yakaharibika, mzee anapeleka maua kwa ushirika wetu anaambiwa ngoja pesa inakuja, mwezi ukawa mwaka, mwaka ukawa miaka, mpaka 2003 akashika jembe aking'oa yote na kupanda viazi. Mpaka leo ana mkebe wa mafuta ya Kimbo umejaa risiti na hataki mtu auguse. Sasa kuna watu wamekuja huku wanagawa miche, wanasema pareto imerudi na watalipa kwa M-Pesa. Nataka kujaribu nusu ekari lakini mzee amesema nikipanda nisikanyage kwake. Nipande ama niache? Na hilo deni lake linaweza kulipwa kweli? – Binti wa mkulima, Kuresoi

JIBU: Binti, kwanza msalimie mzee, na usibishane naye sana. Tulikuomba picha za hizo risiti ukatutumia tatu, umezipiga mzee akiwa kanisani (hiyo dhambi ni yako, sisi hatumo). Nimezikuza kwa simu nikaziangalia moja moja. Moja imeandikwa kwa penseli, kilo 43, tarehe iko, sahihi ya karani iko, alafu pembeni kuna kiboksi cha kuandika asilimia ya dawa, na hicho kiboksi hakina kitu. Nikaenda ya pili, hakuna kitu. Ya tatu hivo hivo. Nadhani mzee anajua hicho kiboksi kuliko mimi na wewe.

Manake pareto hailipwi kwa kilo tu kama viazi. Ua likishakauka linapimwa lina dawa kiasi gani ndani, hiyo pairethrini inayoua wadudu, na mara nyingi inacheza kati ya asilimia 1 na 2. Sasa piga hesabu. Kilo 100 zikiwa na asilimia 1.2 umepeleka dawa kilo 1.2, zikiwa na 1.8 umepeleka kilo 1.8. Gunia ni lile lile, mgongo unauma vile vile, lakini tofauti ni nusu nzima. Na kilo moja kavu inataka kama kilo 4 mbichi, na hizo zimechumwa ua kwa ua kwa mkono, unajua mwenyewe. Alafu nani anapima? Mnunuzi, kwa maabara yake, wewe uko Kuresoi unangoja simu. Akikwambia 1.1 utabisha na nini? Na kama hajaandika kabisa, je?

Watu wakisikia ufisadi wanafikiria bahasha chini ya meza. Kumbe kiboksi kitupu kinatosha.

Zamani hata kukimbia hukuweza, maana kisheria gunia likitoka kwa ushirika lilikuwa na njia moja tu, Bodi ya Pareto pale Nakuru, ndio inanunua, ndio inasindika, ndio inauza nje. Na tusidanganyane, kwa miaka mingi ilifanya kazi, kufika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya pareto ya dunia nzima ilikuwa inatoka Kenya, kwa hivi vilima vyenu, na Nyandarua na Kisii. Ilipoanguka wakubwa wakatuambia ni dawa za wadudu za kutengenezwa viwandani zimetuua. Zilichangia, sikatai, lakini kule Tasmania, Australia, walikuwa wanapigana na dawa hizo hizo na wao wakazidi kupanda! Kilichotumaliza ni stoki kulimbikizwa bila kuuzwa, madeni kupanda, na kwa foleni ya malipo aliyechuma akawekwa mwisho. Akachoka akang'oa, kiwanda kikakosa maua, mnunuzi wa ng'ambo akaona hatueleweki akahamia Tasmania, pesa ikapungua tena, jirani naye akang'oa. Babako hakuwa peke yake.

2013 sheria ikabadilishwa na wanunuzi wengine wakaruhusiwa, ndio maana unaona hao watu wa miche. Nipande? Panda, lakini robo ekari, si nusu, na viazi vibaki vile vilivyo. Kabla ya kuchukua mche hata mmoja waulize mtakuwa mnapima aje na mtaniambia lini. Siku ya kupeleka maua chukueni sampuli mbele yako, igawanywe bahasha mbili, zote zifungwe na kusainiwa na nyote wawili, moja ukae nayo. Na kwa kontrakti iandikwe mkibishana ni maabara gani ya tatu itaamua, na malipo ni ndani ya siku ngapi, si "mapema iwezekanavyo", hiyo ndio imeshika mkebe wa mzee miaka yote hii. Wakisema hayo ni magumu, warudishe miche yao.

Deni la mzee sasa, sitakupaka mafuta. Kesi ya mkataba kawaida inatakiwa ipelekwe kortini ndani ya miaka 6 na hiyo imeshapita, kwa hivyo usiuze ng'ombe umlipe wakili. Lakini nenda kwa ofisi ya ushirika ya kaunti uandike barua uombe rekodi za ushirika wenu na akaunti ya mzee, ukitaja sheria ya kupata habari ya 2016, ofisi ya umma inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza peleka kwa Ombudsman, ile tume inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, kulalamika pale ni bure. Angalau mjue jina lake liliandikiwa shilingi ngapi. Na hizo risiti mzipige picha zote, penseli inafifia na panya hawajui Kimbo imeisha zamani.

Alafu siku ya kwenda kuongea na hao wa miche usiende peke yako. Mwombe mzee aje na mkebe wake, akae mbele, na swali la kiboksi awaulize yeye.