Dylan wa miaka ya 80, usimruke

Mkuu, umeuliza kama albamu za Bob Dylan za miaka ya 80 uzirudie au uachane nazo, mi nakwambia zirudie ila usijilazimishe kumaliza kila moja. Knocked Out Loaded ya 1986 nyimbo nyingi ni za kujazia tu, alafu ghafla inaingia Brownsville Girl, dakika 11, kaandika na Sam Shepard, mwandishi wa tamthilia, humo Dylan anasimulia filamu aliyoiona huku hakumbuki vizuri na waitikiaji nyuma wanamjibu kama wanamtania, yani hiyo peke yake inabeba albamu. Empire Burlesque dramu zake zinachosha. Anza na Oh Mercy ya 1989, Daniel Lanois kaiprodyuzi New Orleans, imetulia sana. Infidels nayo poa ila wimbo wa Blind Willie McTell akauacha nje (sijui aliwaza nini), ukatoka 1991, utafute uuchomeke humo mwenyewe.