Anakohoa, anatoa ulimi: je, chakula kimemkaba?

SWALI: Mwanangu ametimiza miezi 6 wiki mbili zilizopita. Badala ya kumlisha kwa kijiko, namwekea vipande laini ajishikie mwenyewe. Jana kipande cha kiazi kilimfanya akohoe, uso ukawa mwekundu, machozi yakamtoka, ulimi nje. Nilimnyanyua nikampindua kichwa chini. Akakitema, akacheka! Mama mkwe anasema nitamuua mtoto. Tena anachomeza ni kidogo mno. Nirudi kwenye kijiko?

JIBU: Pole kwa mshtuko, dada. Ulichokiona jana hakikuwa kukabwa. Mtoto wa umri huo huanza kutaka kutapika chakula kikiwa bado katikati ya ulimi, wakati kwa mtu mzima hali hiyo huja kikifika nyuma kabisa. Ni kinga yake, na kadiri anavyozoea kutafuna, inapungua.

Tofauti yake ni sauti. Anayekohoa na kutoa mlio anapitisha hewa, kwa hiyo mwache aimalize kazi, wala usimpindue, maana kipande kilichokuwa kinatoka kinaweza kurudi ndani. Anayekabwa huwa kimya: hakohoi, halii, midomo inabadilika rangi. Huyo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umpige mapigo 5 katikati ya mabega. Kisipotoka, mgeuze umbonyeze kifua mara 5, kisha urudie, huku mtu mwingine akiita msaada. Akizimia, anza huduma ya kufufua pumzi na moyo. Usichokonoe koo kwa kidole bila kukiona kilichokwama. Mfunze na mama mkwe. Hofu yake si ya kupuuza.

Huko New Zealand watafiti waliwafuatilia watoto wapatao 200, nusu yao wakijilisha wenyewe na wazazi wao wakiwa wamefundishwa namna ya kuandaa chakula. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2016, hayakuonyesha kwamba hao walikabwa zaidi ya wenzao. Kumbuka lakini kwamba wazazi walifundishwa. Kwa hiyo tuanze na mtoto: awe anakaa kitako kwa msaada mdogo, shingo imekaza, na kitu akikishika anakipeleka mdomoni. Kisha kipande: kirefu na kinene kama kidole chako, kwa sababu sasa hivi anashika kwa kiganja kizima na anakula kile kinachochomoza juu ya ngumi. Kikibonyezwa kati ya vidole viwili kipondeke. Fizi zake zitaweza. Karoti mbichi, tufaha bichi, karanga nzima, bisi, zabibu nzima na soseji iliyokatwa vidonge viduara, hapana. Mtoto akae wima, na mtu mzima awe pale pale, si jikoni akisikiliza kwa mbali.

Sasa kuhusu kumeza kidogo, na hapa ndipo ninapowabana wazazi wanaopenda njia hii. Wingi wa chakula haunipi shida, kwa kuwa maziwa bado ndiyo mlo wake mkuu. Kinachonipa shida ni madini ya chuma. Akiba aliyozaliwa nayo huwa imepungua sana akifika miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Mtoto anayepewa tango na tikiti tu, hata akijilisha kwa ustadi wa kupigiwa makofi, anaelekea kwenye upungufu wa damu. Kila mlo uwe na kitu chenye chuma: nyama iliyopikwa ikalainika na kuchambuliwa nyuzi, ini kidogo, yai lililoiva, maharage yaliyopondwa na kufinyangwa kitonge bapa. Kama alizaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, akiba yake ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Zungumza na daktari wake.

Asali asionje kabla ya mwaka 1, kwani inaweza kubeba vijidudu vya sumu ya botulizimu. Chumvi na sukari, acha.

Na kijiko? Hakuna aliyekipiga marufuku. Chota maharage laini, mpe kijiko akishike mwenyewe. Nusu itaishia kwenye nywele. Siku akiwa mchovu au mgonjwa, mlishe wewe, akigeuza uso, basi. Milo 2 hadi 3 kwa siku inamtosha mpaka miezi 8, maziwa yakiendelea. Mpime uzito kila mwezi, na mchoro wake kwenye kadi ukilala au kushuka, mpeleke kliniki mapema.