Usipime Stars kwa majina, ipime kwa inavyofungwa

Mdogo wangu mmoja kaniandikia wiki hii: "Kaka, ulijuaje kwamba Taifa Stars, timu yetu ya Tanzania, watavuka kundi kule Morocco? Na mimi nataka kuwa mchambuzi, nianzie wapi?" Nimemjibu kwa kifupi, lakini swali lake linastahili makala nzima. Najua mko wengi mnaotamani kukaa kwenye kile kiti cha studio, mseme jambo, na baada ya wiki chache nchi nzima ilione limetimia.

Kwanza niseme wazi: nilisema, na nilisema hadharani. Kabla ya AFCON 2025, Kombe la Mataifa ya Afrika, kuanza nilialikwa kwenye kipindi cha michezo cha redio moja. Nikaulizwa Stars wanafika wapi. Kundi lilikuwa la Nigeria, Tunisia na Uganda. Nikajibu kwamba tunavuka tukiwa washindwa bora, hata kwa sare tupu. Mtangazaji alicheka mpaka akasogea mbali na maikrofoni. Mwenzangu tuliyekaa naye meza moja, mtu aliyecheza mpira kwa kiwango kikubwa, akasema huyu bwana ameacha uchambuzi nyumbani kaja na uzalendo. Zikasomwa jumbe za wasikilizaji, zote za kunibeza, na mimi nimekaa palepale nazisikiliza. Sikuitwa tena. Stars walipovuka, hakuna aliyepiga simu kusema "ulikuwa sahihi". Bado inaniuma, sitaficha.

Sasa nieleze nilichokuwa nacho daftarini siku ile, kwa sababu haukuwa uganga.

Tangu mwaka 2019 AFCON inachezwa na timu 24 katika makundi 6. Wawili wa juu wanapita, na kati ya wale sita wanaoshika nafasi ya tatu, wanne bora wanapita pia. Maana yake timu 16 zinaendelea, 8 tu ndizo zinafungasha mizigo. Watu wanalijua hili, ila wakifika kwenye utabiri wanalisahau na kuuliza "tutamfunga nani?" Swali hilo ni la mashindano ya zamani. Benin mwaka 2019 walitoka sare mechi zote tatu za kundi, wakavuka, wakaing'oa Morocco kwa penalti, wakacheza robo fainali. Hawakushinda mechi hata moja ndani ya dakika 90 njia yote hiyo.

Kwa hiyo mimi naangalia timu inavyofungwa. Narudia: inavyofungwa.

Chukua AFCON ya 2023, ile iliyochezwa Ivory Coast Januari 2024. Mechi ya kwanza Morocco wakatupiga 3-0, na Novatus Miroshi akala kadi nyekundu. Tukaja kutoka sare na Zambia 1-1, kisha DR Congo 0-0. Pointi mbili, tofauti ya mabao hasi tatu, tukashika mkia. Zambia nao walikuwa na pointi mbili, ila mechi yao na Morocco walipoteza kwa bao moja tu, ndiyo maana wakakaa juu yetu.

Njoo sasa Fez, Desemba 2025, tunacheza na Nigeria. Semi Ajayi anafunga kwa kichwa kipindi cha kwanza. Dakika ya 50 Charles M'Mombwa anasawazisha. Dakika mbili tu baadaye Ademola Lookman anaachia shuti kutoka nje ya boksi, 2-1. Hapo ndipo nilipoacha kuangalia mpira nikaanza kuangalia watu. Timu yetu ya zamani ingefunguka, mabeki wangeanza kulaumiana, na mabao mawili zaidi yangeingia. Safari hii walirudi kwenye mistari yao, wakakaa pamoja, na matokeo yakabaki 2-1 mpaka filimbi ya mwisho. Walioandika "tumefungwa tena" usiku ule hawakuona kitu. Kwenye hesabu za mwisho sisi na Angola, walioshika nafasi ya tatu kwenye kundi lingine, tulikuwa na pointi mbili kila mmoja, na tofauti ya mabao hasi moja kila mmoja. Sisi tulikuwa tumefunga matatu, wao mawili. Bao la M'Mombwa, kwenye mechi tuliyopoteza, limo ndani ya hayo matatu. Litoe, na Angola ndio wanaovuka.

Nchi hii haijawahi kushinda mechi ya AFCON. Tangu Lagos 1980 tumecheza mechi 13, sare tano, tumepoteza nane. Na bado tulifika 16 bora, tukatolewa na wenyeji Morocco kwa bao moja la Brahim Díaz. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliwahi kuuita mpira wetu kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia kunyolea. Mwaka 2019 kule Misri tulifungwa mabao manane katika mechi tatu za kundi. Kule Ivory Coast tukafungwa manne kwenye kundi, kule Morocco manne. Kichwa hicho hakinyolewi ovyo tena, na mchambuzi anayeendelea kuutumia msemo ule bila kufungua vitabu anawadanganya wasikilizaji wake.

Vijana wangu, acheni kuchambua kwa majina ya klabu. Kujua nani anacheza Ulaya ni kazi ya dakika mbili kwenye simu. Kaa uangalie mechi ambayo timu imefungwa, yote, mpaka mwisho. Angalia inafanya nini baada ya kufungwa. Angalia nani anamkaripia nani, nani anakimbia kwenda kuokota mpira nyavuni. Ibrahim Bacca na Dickson Job wanacheza pamoja Yanga wiki hadi wiki, na unaona jinsi mmoja anavyosogea mwenzake anapotoka kwenye nafasi, bila hata kugeuza shingo. Hilo haliandikwi kwenye takwimu za mechi. Lazima ukae uangalie. Uvivu ndio unaoua uchambuzi nchini kwetu, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naupenda mpira huu.

Yule mdogo wangu ameuliza pia kuhusu AFCON 2027, ya kwetu, Kenya na Uganda. Nitamjibu kwa kutumia kipimo kilekile, lakini nikiongeza jambo moja ambalo linanikosesha usingizi.

Katika fainali tatu za mwisho tulizoshiriki tumeongoza mechi, na mara zote tatu tumeshindwa kulinda. Mwaka 2019 tuliongoza mara mbili dhidi ya Kenya, Michael Olunga akatumaliza dakika ya 80, 3-2. Dhidi ya Zambia tuliongoza kwa bao la Simon Msuva, wao wakabaki kumi uwanjani tangu kipindi cha kwanza, na Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Dhidi ya Uganda kule Morocco, Msuva tena, kwa penalti, na Uche Ikpeazu akasawazisha dakika ya 80. Allan Okello angeweza kutumaliza kabisa mwishoni, akapaisha penalti yake juu. Dakika ya 80, 88, 80. Hiyo ni tabia, na hakuna mshambuliaji mpya atakayeiponya. Ni pumzi, ni wachezaji wa akiba, na ni kocha kujua amtoe nani dakika ya 70.

Kinachonipa moyo ni CHAN ya Agosti 2025. Najua ile ni ya wachezaji wa ligi za ndani, msinikumbushe. Lakini pale Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, tuliwafunga Burkina Faso 2-0 na Mauritania 1-0. Dhidi ya Madagascar, Clement Mzize alifunga mawili mapema, wao wakarudisha moja kabla ya mapumziko, na tukailinda 2-1 kipindi cha pili chote uwanja ukiwa umesimama. Tulifungwa bao moja tu katika mechi nne za kundi, kisha Morocco wakatutoa robo fainali 1-0. Nyumbani tunajua kulinda.

Kwa hiyo utabiri wangu wa 2027 ni robo fainali, na safari hii tukiwa na ushindi kwenye kundi. Wenyeji hawana uhakika wa lolote, Gabon waliandaa 2017 wakatoka sare zote tatu na kuishia makundi. Ila mwaka 2012 Gabon haohao na Equatorial Guinea waliandaa pamoja, na wote wawili wakafika robo. Nitazifuatilia mechi za kirafiki za Stars dhidi ya timu kubwa, hasa kuanzia dakika ya 75. Nikiona bao la kuongoza linapotea tena mwishoni, nitashusha utabiri mpaka 16 bora, na nitauandika hapahapa.