Kumuuguza mgonjwa wa akili: gawaneni kazi mapema

Katika nyumba nyingi za Iringa na Njombe zenye mgonjwa wa akili, mzigo wote unamwangukia mtu mmoja, mara nyingi mama au dada mkubwa. Siku huyo akiugua, dawa zinakatika, na wiki chache baadaye ugonjwa unarudi. Kikao cha ukoo kinachohitajika si cha kutafuta nani kamroga. Ni cha kugawana kazi: dawa, usiku, nauli.

Anayeshika dawa awe na daftari, na kila Jumapili ahesabu vidonge. Anayemeza viwili kwa siku anamaliza 14 kwa wiki. Vikibaki vingi, kuna siku hakumeza au alitema. Msimgombeze. Muulizeni kwa upole, maana mara nyingi ana sababu: mikono inatetemeka, usingizi umezidi, mwili umekuwa mzito. Iandikeni, daktari anaweza kubadilisha dozi. Msimtilie dawa kwenye uji kwa siri. Akigundua, atakataa dawa na chakula chenu pia.

Kinachovunja moyo familia nyingi hutokea siku za mwanzo za haloperidoli, mojawapo ya dawa za ugonjwa wa akili. Shingo inapinda, taya linakaza, macho yanageukia juu na kuganda. Watu wanasema mashetani yamepanda, dawa zinatupwa. Jamani, hayo ni madhara ya dawa, na yanatibika! Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo pamoja na pakiti ya dawa. Ipo sindano inayolegeza misuli, na mara nyingi nafuu huonekana ndani ya nusu saa. Akipata homa kali huku mwili umekakamaa na amechanganyikiwa, hiyo ni hatari zaidi. Msisubiri kukuche.

Usiku uwe wa zamu, na aliyekesha asipelekwe shambani kesho yake, hata kama ni wakati wa kuvuna. Mkesha unamdhoofisha mlezi haraka kuliko kazi ya jembe. Zamu pia inasaidia kuona dalili mapema: mgonjwa akikosa usingizi siku mbili mfululizo, akazunguka uani akijisemesha, nendeni kliniki bila kusubiri tarehe. Panga na shoka ziondoke mahali pa wazi kabla hajachafukwa. Akishachafukwa, aongee naye mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, bila kubishana kuhusu anayoyasikia na bila kumzibia mlango.

Kifuku, yaani majira ya mvua, kina matatizo yake. Ulanzi, pombe ya mianzi, unakuwa mwingi na rahisi, na pombe juu ya dawa hizi inamlewesha maradufu na kuuchokoza ugonjwa. Mwendeeni muuzaji wa kilabuni mumweleze waziwazi. Wengi wanaelewa wakiombwa kwa heshima. Barabara za vijijini nazo zinakatika kwa tope, kwa hiyo mwenye kazi ya nauli aitenge mapema na ampeleke mgonjwa siku kadhaa kabla dawa hazijaisha. Kwa anayesahau vidonge, ulizeni kuhusu sindano ya kila mwezi. Inapunguza ugomvi wa kila jioni, ila tarehe yake isipitilizwe.