Almasi mbili mezani, na mchumba ni muuguzi: nichukue ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 29, naishi Mwanza. Nataka kumvisha mchumba wangu pete ya kutengenezewa, siyo ya kuchagua kabatini. Muuzaji amenionyesha almasi mbili za mviringo, zote zina cheti cha GIA, ile maabara ya kupima vito. Ya kwanza ni karati 1.00, rangi H, usafi SI1, kipenyo milimita 6.22, kina asilimia 65.5, mkato daraja la tatu. Ya pili ni karati 0.90, rangi I, usafi VS2, kipenyo milimita 6.20, kina asilimia 61.5, mkato daraja la kwanza. Ya kwanza imezidi bei kidogo lakini moyo wangu uko huko, kwa sababu ni karati nzima. Nataka dhahabu nyeupe na makucha sita marefu, jiwe lisimame juu. Mchumba wangu ni muuguzi wodini. Mama yeye anasema niache almasi, ninunue tanzanaiti, ni jiwe letu. Na nakiri, naogopa kumwachia fundi jiwe akalibadilisha. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua ya pili.

Nimesoma vipimo vyako mara mbili ili niwe na hakika, na jibu halibadiliki. Tazama kipenyo: 6.22 na 6.20. Tofauti yake ni mbili ya mia ya milimita, yaani ukiyapanga mawe hayo kwenye vidole viwili, hakuna jicho la binadamu litakalosema hili kubwa, hili dogo. Sasa jiulize, ile chembe ya gramu unayolipia zaidi imekwenda wapi? Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe la kwanza limemzidi mwenzake gramu 0.02. Uzito huo umejificha tumboni. Jiwe lenye kina cha asilimia 65.5 ya kipenyo chake limeachwa nene chini, mahali ambapo mchumba wako hatapaona, na dhahabu itapafunika. Jiwe la karati moja lililokatwa vizuri hufika karibu milimita 6.5. Hilo lako halifiki.

Mkataji hufanya hivyo kwa makusudi. Kukata almasi ni kupoteza. Ile almasi ya waridi iliyookotwa mgodini Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947, na ikawa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ilikuwa na karati 54.5 ikiwa ghafi. Ilipotoka kwa mkataji ilibaki 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda. Kwa hiyo mkataji mwenye jiwe ambalo likikatwa sawasawa litatoka 0.92 hivi, hushawishika kuliacha na tumbo ili lifike 1.00, maana bei ya kila karati hupanda ghafla jiwe likigusa 1.00, kama inavyopanda kwenye 0.50 na 0.70. Anauza namba. Mwanga ndio unaoumia: unaingia kwa juu, na badala ya kugonga kuta za chini na kurudi machoni, unavujia pembeni, na katikati ya jiwe panabaki giza kama tundu la sindano lililotanuka.

Usiniamini kwa maneno. Rudi kwa muuzaji, omba mawe yote mawili yawekwe kwenye karatasi nyeupe, kisha uyapeleke mlangoni, kivulini, mbali na zile taa za dukani. Taa za kabati la vito zimewekwa ili hata kioo kimetemete. Kivulini almasi yenye mkato mbovu hulala, yenye mkato mzuri huendelea kuchezacheza ukiitikisa. Fanya hivyo kwa dakika tano tu na utajua kwa nini, katika vile vigezo vinne vinavyoandikwa kwenye cheti, yaani uzito, rangi, usafi na mkato, mimi hutazama mkato kwanza na uzito mwisho.

Rangi I isikutie hofu. Ngazi ya rangi huanzia D, jiwe lisilo na rangi kabisa, na hushuka hadi Z. Wapimaji hulipima jiwe likiwa limelazwa kifudifudi, wakililinganisha na mawe ya kielelezo, kwa sababu likitazamwa kwa juu mng'ao huifunika ile manjano kidogo. Na mimi nitakuomba uache dhahabu nyeupe uchukue ya njano, ambako I huonekana jeupe bila shida. VS2 nayo maana yake ni kwamba mwenye lenzi ya kukuza mara 10 anaitafuta alama na kuipata kwa kazi kidogo. Jicho tupu halitaiona. SI1 ya jiwe la kwanza, iliyo ngazi moja chini ya hapo, inaweza kuwa sawa au isiwe sawa, inategemea doa limekaa wapi, lakini jiwe lenyewe tumeshaliacha.

Kabla hujalipa, soma mambo mawili kwenye cheti. Mstari wa juu useme kwamba almasi ni ya asili, kwa sababu maabara hiyohiyo hupima pia almasi zilizokuzwa maabarani. Hizo ni almasi kweli, kaboni ileile na ugumu uleule, na sioni aibu kwa anayezichagua akijua. Shida ni kuuziwa ya maabara kwa bei ya ardhini, maana bei zake zimeporomoka sana miaka hii. Kile kikalamu cha kupimia joto ambacho wauzaji wengi hukitoa mfukoni hakiwezi kuzitofautisha. Hata moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, hukidanganya. Moisanaiti ina dawa yake: ishike lenzi, litazame jiwe kwa mshazari kupitia nyuso za juu, utaona mistari ya nyuso za nyuma ikiwa miwilimiwili, kama unayeona kwa macho yaliyochoka. Almasi huonyesha mstari mmoja. Jambo la pili ni namba ya cheti: kama cheti kinasema imechorwa kwa leza kiunoni mwa jiwe, yaani kwenye ukingo wake mpana, omba uonyeshwe kwa lenzi, kisha uiingize namba hiyo mwenyewe kwenye tovuti ya GIA, kwa simu yako.

Sasa tuje kwenye mkono wenyewe, maana hapa ndipo nilipokaa na barua yako muda mrefu.

Muuguzi huvaa na kuvua glovu kutwa nzima. Miaka michache nyuma aliniletea pete muuguzi mmoja, makucha sita marefu kama unayoyataka wewe, jiwe limesimama kama taa ya barabarani. Niliiweka chini ya lenzi. Ukucha mmoja ulikuwa umenyanyuka kiasi cha unene wa unywele, na chini yake palikuwa na kipande cha mpira wa glovu, kimekunjwa kama uzi, kimekuwa cheusi. Kila glovu iliyokwama ilikuwa inauvuta ukucha ule juu kidogo. Kucha mbili za jirani zilikuwa zimekwisha kulika. Jiwe lilikuwa linatikisika ukilisogeza kwa sindano. Alisema, "Fundi, nilikuwa naona inakwangua tu." Wiki moja zaidi angelipoteza.

Kuna na klorini. Hospitali zetu huloweka na kupangusa vifaa kwa maji ya klorini, na nyumbani kuna jiki. Klorini huishambulia metali inayochanganywa na dhahabu, hasa nikeli ya kwenye dhahabu nyeupe, na hutafuta sehemu nyembamba iliyokunjwa kwa nguvu. Sehemu hiyo ni ukucha. Huoni chochote, mpaka siku unapokatika. Halafu ujue kwamba ule weupe wa kioo wa dhahabu nyeupe ni ngozi ya rodiamu iliyopakwa juu. Kwa mkono unaooshwa mara nyingi kwa siku, ngozi hiyo itakwisha na pete itataka kupakwa tena na tena.

Kwa hiyo mimi ningemtengenezea hivi. Dhahabu ya njano ya karati 18, na hapa usichanganye: karati ya jiwe ni uzito, karati ya dhahabu ni usafi. Ya 18 ina dhahabu asilimia 75, na ndani ya pete hupigwa muhuri 750. Jiwe lisishikwe na makucha, lizungushiwe ukuta mwembamba wa dhahabu pande zote, ukuta uliokunjiwa juu ya kiuno cha jiwe. Glovu itateleza juu yake. Watu husema ukuta huua mng'ao. Siyo kweli kwa jiwe lenye mkato mzuri, kwa sababu mwanga wake huingilia juu na kutokea juu. Chini paachwe wazi ili maji na brashi vipite. Almasi hupenda mafuta kuliko maji, ndiyo maana migodini walizinasa kwa meza zilizopakwa grisi, na ndiyo maana pete ya mtu anayekanda chapati hufifia haraka. Brashi laini ya mswaki, maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, imetosha.

Jiwe lako lina urefu wa milimita 3.8 hivi toka juu hadi ncha. Ncha isiguse ngozi, iachiwe nafasi ya karibu milimita moja. Basi juu ya kidole itasimama kama milimita tano, haitapita hapo. Mwili wa pete usiwe mwembamba chini ya milimita 2 kwa upana, na unene wake usishuke chini ya 1.6. Pete za milimita moja na nusu zinazopendwa simuni hupinda, na pete ikipinda ukuta hufunguka. Akiingia chumba cha upasuaji ataivua, kwa hiyo mnunulie na mkufu imara wa kuitundika shingoni ndani ya nguo.

Kama moyo hautulii bila dhahabu nyeupe, mwambie fundi atumie mchanganyiko wa paladiamu, siyo nikeli. Gharama itapanda.

Mama mpe heshima yake, tanzanaiti ni jiwe la fahari na duniani linatoka Mererani peke yake. Lakini ugumu wake ni kati ya 6 na 7, na vumbi la mchanga tunalotembea nalo lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7. Kwa pete ya kila siku litakwaruzika, na pigo moja kwenye kitanda cha wodi linaweza kulipasua. Mfanyie mama na mkwe wake hereni za tanzanaiti. Masikioni hazigongwi.

Kuhusu kubadilishiwa jiwe, hofu yako ina haki na fundi mwaminifu hataikasirikia. Kila almasi isiyo safi kabisa ina alama yake, na hiyo ndiyo alama ya kidole ya jiwe. Kama cheti chako kina mchoro wa alama hizo, kaa na fundi, shika lenzi, itafute alama ya jiwe lako mpaka uione mwenyewe, labda fuwele ndogo karibu na ukingo, upande wa saa nne. Ipige picha. Jiwe lipimwe mizani na kipenyo mbele yako, yaandikwe kwenye stakabadhi pamoja na namba ya cheti. Siku ya kuchukua pete, tafuta alama ileile kwa lenzi ileile kabla hujalipa salio. Mwombe fundi aupange ukuta usiifunike alama hiyo. Na ile namba ya leza ipigwe picha kabla, kwa sababu ukuta utaifunika.

Nikueleze na hili, kwa kuwa unatafuta fundi. Miaka yangu ya mwanzo mezani nilibana ukucha juu ya jiwe lenye kiuno chembamba sana. Nikasikia mlio mdogo, tik. Almasi haikwaruzwi na kitu ila almasi nyingine, lakini hupasuka ikipigwa upande wake dhaifu. Nilimwambia mwenye jiwe siku hiyohiyo na nikalilipa kidogokidogo kwa miezi minane. Tangu hapo sipokei jiwe bila kusoma unene wa kiuno kwenye cheti. Soma na wewe: ukiona pameandikwa chembamba sana, muulize fundi wako atafanyaje. Na muulize mapema, jiwe likivunjika mkononi mwake nani analipa. Asiyetaka kulijibu hilo, mwondokee.

Kazi yenyewe huenda hivi: mchoro, kisha kielelezo cha nta, kisha kusubu, yaani kumimina dhahabu iliyoyeyushwa kwenye kalibu, kisha kupachika jiwe. Usiruke hatua ya nta. Omba uione, uivalishe hata kwenye kidole chako kidogo. Nta ikipimwa gramu moja, dhahabu ya 18 itatoka gramu 15 hadi 16, kwa hiyo hapo utajua bei ya dhahabu kabla haijayeyushwa, na hakuna atakayekushtua mwishoni.

Saizi: kama ni siri, azima pete anayoivaa kidole hichohicho, pima kipenyo cha ndani kwa milimita, maana Waingereza hutumia herufi na Wamarekani namba, na mafundi wengi tumeshapotoshwa na hizo. Ukiweza kukipima kidole chenyewe, pima jioni, vidole vikiwa vimejaa. Ikibana kidogo au kulegea, dhahabu ya 18 hukubali kupanuliwa au kupunguzwa saizi moja au mbili, lakini fundi akague ukuta baadaye.

Na ukishamvisha, mlete au mpeleke kwa fundi wa karibu kila baada ya miezi sita. Naye mchumba wako mwenyewe aishike pete karibu na sikio aigonge taratibu kwa ukucha wa kidole. Ukisikika mchakacho wowote, aivue siku hiyo.