Sanduku la mzee lililolipia tangi langu bovu

Barua ilifika Jumanne. Ukurasa mmoja, nembo ya jimbo la Washington juu, na ndani yake sentensi niliyoisubiri miaka mingi: kiwanja changu hakidaiwi kazi nyingine ya kusafisha mafuta yaliyovuja. Nimeibandika ukutani gereji, juu ya kompresa. Wale waliokuwa wakisema "fundi anajifanya wakili" wapite waisome, chai ipo.

Jioni hiyohiyo ndugu mmoja wa Kent, mji wa hukuhuku Washington, akaniandikia. Amepata kituo cha mafuta cha zamani, bei poa, anataka kukigeuza gereji. "Kaka, nichukue?" Nilitaka kumjibu kwa neno moja, nikajikuta naandika haya yote. Najua wengi wenu mnalenga palepale: kiwanja chako, jina lako kwenye kibao, bosi wewe mwenyewe.

Mimi changu nilikinunua Tacoma mwaka 2014. Mzee aliyeniuzia aliuza petroli pale tangu 1961 hadi miaka ya themanini. Nimezaliwa Changamwe, Mombasa, jirani na kiwanda cha kusafishia mafuta, kwa hiyo harufu ya petroli kwangu ni harufu ya nyumbani. Sikuishtukia. Mwaka 2017 nachimba msingi wa mashine ya kunyanyulia magari, koleo likatoka na udongo wa kijivu unaometa kama magamba ya samaki. Chini yake tangi la chuma ambalo hakuna karatasi ya mauzo iliyolitaja, tumbo limeliwa na kutu, matundu ya kupitisha kidole.

Kosa langu, na bado linaniuma: nilikimbilia kulipa. Sheria ya Washington inakupa siku 90 kuripoti uchafuzi, na inamdai mwenye kiwanja wa leo sawa na yule aliyevujisha jana. Nikaingiwa na woga. Dola 38,000, akiba yetu yote na fedha za chama nilizokopa, zikaenda kwa wachimbaji. Mke wangu alinyamaza wiki nzima, na anayemjua anajua hiyo ni hukumu. Halafu visima vya kupimia vikaonyesha benzini, kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli, kwenye maji ya chini ya ardhi, inaelekea kwa jirani. Makadirio yaliyofuata sikuyasoma hadi mwisho.

Aliyenifungua macho ni mhasibu mstaafu tunayesali naye. Aliuliza, "Huyo mzee alikuwa na bima gani mwaka 1975?" Nikacheka. Bima ya 1975 si ilishakufa?

Haijafa, ndugu zangu. Bima za dhima za biashara, yaani zinazolipia madhara unayowasababishia wengine, miaka ile ziliandikwa kwa tukio: kinachoangaliwa ni madhara yalitokea lini, si wewe umedai lini. Tangi likivuja 1975, bima ya 1975 ndiyo inayojibu, hata ukibisha hodi leo. Mambo yalibadilika karibu 1986, kampuni zilipoanza kuandika waziwazi kwamba uchafuzi haulipwi. Kabla ya hapo, tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, ziliukataa uchafuzi isipokuwa uwe wa "ghafla na ajali". Mawakili wamegombania maneno hayo nchi nzima. Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington, katika kesi ya Queen City Farms ya 1994, ilisema maana yake ni kitu kisichotarajiwa wala kukusudiwa. Kutu ya polepole ikapata mlango. Majimbo mengine yameamua kinyume, kwa hiyo wewe uliye Marekani kwingine usininukuu mahakamani.

Na yale maji yaliyoninyima usingizi ndiyo yaliyoniokoa. Bima hizi hukwepa kulipia ardhi ya mwenye bima mwenyewe, lakini maji ya chini ya ardhi si mali yake.

Ikabidi nimwendee mzee. Alikuwa na miaka 87. Binti yake alisimama mlangoni mikono kifuani, akiamini nimekuja kuwanyang'anya nyumba. Mara ya kwanza sikukaribishwa ndani. Mara ya pili niliambiwa amelala. Mara ya tatu nilikwenda na mandazi, nikamwambia moja kwa moja: "Mzee, kisheria lazima nikudai wewe, lakini fedha ninazozitafuta si zako, ni za bima uliyolipia mwenyewe." Alikula mandazi matatu ndipo akanyoosha kidole stoo.

Sanduku la katoni, chini ya mapambo ya Krismasi. Humo mlikuwa na risiti ya malipo ya bima ya 1974, nakala ya kaboni ya bluu, namba ya bima ikiwa kamili isipokuwa tarakimu ya mwisho, iliyoliwa na kutu ya pini. Kutu tena! Pia barua ya kampuni iliyomuuzia mafuta ikimdai uthibitisho wa bima. Wapo watu wanaolipwa kufuatilia karatasi za namna hii, huitwa wanaakiolojia wa bima. Hutafuta mpaka kwenye hundi za zamani, mikataba ya kupanga na mafaili ya benki. Hujua pia kampuni iliyokufa ilimezwa na nani. Mfano (si hao niliowadai mimi): kampuni ya bima ya INA (Insurance Company of North America) ikawa sehemu ya CIGNA mwaka 1982, biashara hiyo ikaenda kwa ACE 1999, na ACE leo inaitwa Chubb.

Miezi kumi na minne ya barua nitairuka. Watu wa bima walilipa usafishaji uliobaki, vipimo na wakili wa mzee. Zile 38,000 wakakataa, kwa kuwa nilizitumia kabla hawajaarifiwa. Wakili wangu akasema kuzigombania kutagharimu karibu kiasi hichohicho.

Kwa hiyo kaka wa Kent: kabla hujasaini, muulize muuzaji nani alimfanyia hesabu miaka ya sabini na karatasi ziko wapi. Ukikuta tangi, arifu bima kwanza, koleo baadaye. Tuache pia hii tabia yetu ya kuchoma karatasi kila tukihama. Arifu bima kwanza. Nasema mara mbili kwa sababu mimi sikuambiwa hata mara moja.

Mzee ana miaka 93 sasa. Jana binti yake alipiga simu kuuliza lile sanduku litarudi lini, kwa kuwa ndani yake kuna picha ya marehemu mama yake akiwa amesimama kando ya pampu.